Mtoto Mpole

Neno lenyewe lilikuja kwa simu, asubuhi, wakati Hajarah anageuza chapati kwenye kibanda chake cha Mpumudde, mjini Jinja. Aliyepiga ni Lukman, mume wa mdogo wake Jamirah, kutoka Mbale. Alikuwa na furaha ya baba mpya, ile inayomfanya mtu kupiga simu bila sababu.

"Shemeji, mwanangu Siraj amekuwa mpole, mpole wa ajabu! Majirani wananionea wivu. Watoto wao wanapasua mapaa kwa kulia, wa kwangu kimya."

"Halii kabisa?"

"Anataka kulia. Anafungua kinywa, machozi yanamtoka, uso unakunjamana. Lakini sauti, ng'o! Nimekwambia mpole."

Mkono wa Hajarah ulisimama juu ya kikaango. "Anafungua kinywa, na sauti haitoki?"

"Haitoki. Bibi yenu, Jajja, anasema ni baraka."

Chapati ilianza kufuka moshi, na Hajarah hakuiona. Alikuwa amerudi nyuma miaka minne, kwenye chumba cha dada yao mkubwa, Ramula, wanawake wamejaa mkekani kuja kumwona mzazi. Wote walikuwa wakipokezana kitoto kile kilichofungua kinywa bila sauti, na kila aliyekishika alisema neno moja: mpole. Mtoto mpole, mashallah. Hajarah mwenyewe alilisema. Wiki ile ile walimzika mtoto. Kisha miguu ya Ramula ikavimba, pumzi ikawa fupi, naye akamfuata mwanawe. Watu walisema ni moyo, umepasuka kwa huzuni. Nani angebisha? Huzuni ilikuwepo, kila mtu aliiona.

"Lukman," alisema. "Jamirah yuko vipi? Usinifiche."

"Yupo. Amechoka tu. Miguu imejaa kidogo, lakini Jajja anasema ni maji ya uzazi, yatashuka."

Kwenye benchi la kibanda aliketi Odhiambo, dereva Mkenya wa lori dogo, mteja wa tangu zamani, mwenye domo lisilojua mapumziko. Alikuwa amenyoosha shingo kutazama kikaango.

"Mama Chapati, leo unapika au unafukiza nyuki?"

"Odhiambo, unaelekea wapi?"

"Tororo, nishushe sabuni. Halafu Mbale kwa shemeji yako huyo huyo, nichukue vitunguu."

"Anza na Mbale."

"Na sabuni ya watu?"

"Sabuni haiozi," alisema Hajarah, huku anafungua aproni. "Binadamu anaoza. Twende!"

Odhiambo alimtazama usoni, akaacha chai yake katikati.

Njiani alijitahidi kumchekesha. Alimsimulia juu ya afande wa kizuizi cha barabarani aliyemsalimu kwa Kiswahili kizito cha jeshini hadi abiria wakainua mikono. Hajarah alitikisa kichwa tu. Katika akili yake alikuwa akipanga mambo mawili upande kwa upande, kama mtu anayelinganisha vitambaa: Ramula na Jamirah. Miguu, na miguu. Pumzi, na pumzi? Mtoto mpole, na mtoto mpole. Jajja Namwase alimwuguza Ramula. Jajja Namwase alihamia Mbale kumwuguza Jamirah. Hapo aliogopa kuendelea kufikiri, kwa sababu Jajja ndiye aliyewalea wote watatu mama yao alipofariki, na hakuna mtu duniani aliyewapenda zaidi.

Walipokaribia Mbale, wachuuzi wanagombania dirisha na vichane vya ndizi, simu ililia.

"Shemeji, ameanguka!" Lukman sasa hakuwa na furaha hata tone. "Alikuwa anatoka kuoga, ameanguka, anahema, anahema!"

"Odhiambo!"

"Nimesikia," alisema Odhiambo, na lori likanguruma.

Huko Namakwekwe, mtaa wa Mbale, nyumba ya Lukman ilikuwa ya vyumba viwili vya kupanga, na uani palikuwa na kuku. Hajarah aliruka juu yao kukimbilia mlangoni, na hata katika haraka ile jicho lake lilinasa jambo. Wale kuku walikuwa wamenona hadi wanatembea kwa madaha. Jogoo aliwika utadhani amemeza kipaza sauti. Walikuwa wanakunywa kutoka beseni la maji meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na pembeni pamemwagwa rundo la pumba laini.

Ndani, Jamirah alikuwa ameegemezwa ukutani. Vifundo vya miguu havikuonekana, vimemezwa na uvimbe. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Alipomwona dada yake alijaribu kutabasamu.

"Umekuja na chapati?" alinong'ona.

"Nimekuja kukuchukua," alisema Hajarah. Odhiambo alimbeba mgonjwa mikononi hadi kwenye lori, Lukman akikimbia nyuma na mto, Jajja Namwase akiwa amemfunga Siraj mgongoni.

Zahanati waliyoifikia ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, na tabibu wa zamu alikuwa mwanamke wa Bungoma aitwaye Brigid, mrefu, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Kiswahili kwake kilikuwa maji ya kunywa. Kwa Jajja Namwase, Msoga wa kuzaliwa, kilikuwa cha kuazima, na herufi r na l kwake zilikuwa pacha wasiotofautishwa hata na mama yao.

"Mama, maumivu yalianzia mahali gani?" Brigid aliuliza, huku anamfungia Jamirah kipimo cha presha.

"Mahari yote," alijibu Jajja.

Brigid aligeuka. "Mahari? Mama, mimi sikuuliza mahari. Imelipwa yote, imelipwa nusu, hiyo si kazi yangu."

"Nimesema mahari yote! Kichwa, mgongo, miguu. Mahari pote!"

"Ililipwa yote, musawo, daktari wetu, Mungu ni shahidi," Lukman alidakia, amechanganyikiwa, na Odhiambo akacheka hadi akaambiwa akae nje. Hakukaa nje. Alisimama mlangoni.

Brigid alibana kidude kwenye kidole cha Jamirah, kile kinachopima hewa katika damu. Akakitazama. Akakitoa, akakifuta, akakirudisha. Akambandika mgonjwa mpira wa oksijeni puani, akangoja, akasikiliza kifua na moyo. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sielewi," alisema taratibu. "Damu si pungufu. Mapafu yana maji kidogo, si ya kumfanya hivi. Hewa imejaa kwenye damu yake, imejaa kabisa, hata kabla sijamwekea mpira. Lakini anahema kama mtu aliyezama. Na moyo unakimbia, umetanuka. Nitaita gari, tumpeleke hospitali kubwa."

Hapo Hajarah alipata ujasiri. "Daktari, mtazame na mtoto."

"Huyo mzima," alisema Jajja. "Mpore tu."

"Jajja, mfungue."

Siraj alifunguliwa kutoka mgongoni. Kijana wa miezi miwili na ushei, amevimba vizuri mashavu, macho yamelegea. Katika zogo lote lile, kubebwa, lori, honi, mlango, hakuna aliyemkumbuka, kwa kuwa hakuwa amemsumbua mtu yeyote. Brigid alimfinya kisigino.

Mtoto alikunja uso. Alifungua kinywa wazi kabisa, ulimi ukitetemeka, machozi yakamwagika. Chumba kizima kilingoja. Hakuna kilichotoka ila pumzi nyembamba, kama upepo chini ya mlango.

"Tangu lini?" Brigid aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku nyingi," alisema Lukman. "Tulidhani ni tabia yake."

"Wa dada yetu Ramula alikuwa hivi hivi," alisema Hajarah, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi, yakigongana. "Hivi hivi! Tulimsifu, akafa. Kisha Ramula akavimba miguu, akahema, akafa. Jajja aliwapikia wote wawili."

Jajja Namwase alijinyoosha kama fimbo.

"Niliwapikia, ndiyo. Nani mwingine angewapikia? Musawo, katika ukoo wetu mzazi anakura chakura cheupe. Maziwa meupe yanaretwa na chakura cheupe. Mama yangu alinifunza."

"Cheupe kipi, mama?"

"Wari." Uso wa bibi uling'aa, maana hapa alikuwa fundi. "Si wari wa watu wavivu. Mchere ninaupereka mashineni, unakoborewa. Ninaurudisha tena, unakoborewa mara ya piri, mpaka unang'aa kama meno. Ninauosha mpaka maji yanakuwa safi. Ninauchemsha, ninamwaga maji, ninauchemsha tena. Chumvi kidogo. Chai kavu ya rangi, nzito. Basi."

"Maharagwe? Samaki? Mboga?"

"Maharagwe yanamjaza mtoto upepo. Samaki ananukisha maziwa. Mboga ni kijani. Maziwa yako umeyaona kijani?"

"Kwa siku arobaini?"

"Arobaini zikaisha, akawa bado mnyonge. Nikamwongezea."

Hajarah aliona nyusi za Brigid zikipanda. Kisha, jambo la kushangaza, tabibu yule alipiga makofi mara moja, paa! kama mtu aliyeua mbu aliyemsumbua usiku kucha.

"Na pumba zinakwenda wapi? Na maji ya kuoshea?"

"Kwa kuku," Hajarah alijibu kabla ya Jajja. Aliliona lile beseni tena, na yule jogoo. "Kuku wamenona, daktari! Wanapiga kelele mtaa mzima!"

"Basi kuku wenu ndio waliokuwa wanakula haki ya huyu mama! Sikilizeni." Brigid alikuwa tayari anafungua kabati, anasukuma vichupa huku na huku, anaongea akiwa amewapa mgongo. "Dada, tuseme wewe ni mpishi. Una sigiri. Makaa umetia, upepo upo. Kiberiti huna. Utapika?"

"Sitapika."

"Ndivyo seli za ndugu yako zilivyo. Wali ni makaa, sukari tele. Hewa ipo, mashine imeniambia. Kiberiti ni vitamini B1, nayo inakaa kwenye ganda la mchele, kwenye pumba zile. Iliyobaki inayeyuka na maji ya kuoshea. Na chai nzito inaharibu ile kidogo iliyopona. Bila B1, sukari inafika mlangoni mwa tanuri la seli na kukwama. Inarundikana, inageuka tindikali. Tindikali ndiyo inamhemesha. Moyo, ambao haupumziki hata siku moja, unakuwa wa kwanza kuchoka."

"Lakini mbona mwili unatafuta hewa na hewa ipo?" Hajarah aliuliza. Alitaka kujua. Alikuwa akitaka kujua kwa miaka minne.

Brigid aligeuka, macho yanametameta. "Hapo ndipo paliponishangaza tulipofundishwa. Ndani ya seli kuna protini moja, mpiga mbiu. Kazi yake ni kutangaza kwamba hewa imekwisha. Seli inamtengeneza kila wakati, lakini maadamu hewa ipo, kuna walinzi wanaomkamata na kumvunja kabla hajafika popote. Wataalamu waliponyima seli B1 maabara, waliona ile sukari iliyokwama inawafunga walinzi mikono. Mpiga mbiu anaponyoka! Anaingia mpaka kwenye kiini cha seli, anaamsha jeni za dharura: jamani, hewa imekwisha! Na hewa imejaa tele. Seli inalilia kiberiti, mwili unasikia upepo."

"Ilisema mahali," alisema Hajarah, "ikasikika mahari."

"Haswa!" Brigid alicheka kwa nguvu. "Haswa kabisa! Ujumbe ni huo huo, njiani umebadilika herufi moja. Na huyu mdogo amekunywa maziwa yasiyo na kitu. Mishipa ya sauti imelegea. Si mpole. Anapiga kelele tangu siku nyingi, hatujamsikia." Aliinua kichupa kidogo, akakielekeza dirishani. "Hii hapa! B1. Sindano kwa mama, sindano kwa mtoto, sasa hivi."

Odhiambo alinyoosha shingo kutoka mlangoni, akafurahi kama aliyemwona ndugu. "Hiyo! Hiyo naijua! Mimi walinichoma hiyo hiyo Busia, nilikuwa nimekunywa chang'aa wiki nzima, natetemeka kama mashine ya kusaga! Daktari alisema walevi wote wanachomwa hiyo!"

Afadhali angemeza ulimi. Jajja Namwase alimnyakua Siraj kitandani na kumkumbatia.

"Sindano ya warevi?"

"Mama, si ya walevi tu..."

"Mjukuu wangu hajaramba pombe! Nyumba yetu inaswari! Watu watasema nini, Jamirah mwana wa fulani kachomwa dawa ya chang'aa? Lukman! Wewe ni mume au ni pazia? Sema!"

Lukman alifungua kinywa, na kwa dakika ile alifanana na mwanawe: hakuna sauti iliyotoka. Alimtazama bibi, akamtazama tabibu. Kitandani Jamirah alikuwa amefumba macho, na kila pumzi ilimwinua mabega.

"Nahitaji jibu lenu," alisema Brigid. "Moyo huu haungoji mkutano."

Hajarah alisogea karibu na bibi yake. Hakupaza sauti. Alijua kwamba Jajja akishindwa mbele za watu hatarudi nyuma kamwe, na alijua pia harufu ya ile nguo, sabuni na tangawizi, iliyomfuta machozi tangu utoto.

"Jajja, mara ya kwanza tulisema mpole. Jina zuri. Tukazika wawili." "Leo waseme mlevi. Jina baya. Lakini tusizike. Kuna hasara gani?"

Mzee yule alimgeukia Odhiambo kwa hasira, maana hasira ilibidi iende mahali fulani.

"Wewe mrevi! Iriuma?"

"Iliuma, mama. Lakini nilipona."

"Haya." Jajja aliketi, akamlaza Siraj mapajani, akafunua paja la mtoto kwa mkono wake mwenyewe. "Choma, musawo. Choma hapa. Mimi nitamshika."

Siraj alichomwa. Alikunja uso, akalia kilio chake kisicho na sauti. Jamirah alichomwa pia, hakufumbua hata macho. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi aliyoichukia Hajarah kuliko zote. Gari la hospitali liliagizwa, likasemekana liko mbali. Odhiambo alipigiwa simu na wenye sabuni yao. Alitoka uani kudanganya kwamba tairi limepasuka. Lukman alitoka kutawadha, akarudi, akatoka tena kutawadha. Jajja hakutoka. Alikaa na mtoto mapajani, anamtazama kinywa.

Alasiri ilipokuwa inakatika, Brigid alikuja kupima presha, akaipima mara ya pili, akasema, "Hmm." Hajarah aliing'ang'ania ile hmm kama kamba. "Nzuri?" "Subiri." Alimsikiliza moyo. "Unapunguza mbio. Mwone mabega." Kweli, mabega hayakuwa yanapanda tena. Kifua kilikuwa kinapumua peke yake, kama cha mtu aliyelala tu.

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaanza pale sauti ilipotoka. Mwanzoni Hajarah alidhani ni mlango, bawaba kavu inayohitaji mafuta. Kriii. Aliugeukia mlango. Umefungwa. Kriii, tena, na safari hii Jajja Namwase aliinuka nusu kwenye kiti.

"Ni yeye!"

Siraj alikuwa amekunja ngumi. Alivuta pumzi, akasukuma, ikatoka sauti ya kukwaruza. Alinyamaza, kama aliyeshangaa mwenyewe. Akavuta tena, ndefu zaidi, na ndipo kilipopasuka kilio, kilio chenyewe, chenye mkia na pembe, kikajaa chumba, kikatoka dirishani, kikamfikia Odhiambo aliyekuwa uani. Alikuja mbio na simu sikioni, sauti ya mwenye sabuni bado inafoka ndani yake. Lukman aliingia na maji yanamdondoka viwikoni. Brigid aliruka, naam, aliruka juu na viatu vyake vya kazi, akampiga Hajarah bega.

Kitandani Jamirah alifumbua macho.

"Mtoto wa nani huyo analia?" aliuliza.

"Wako!" walijibu wote kwa pamoja.

"Wangu?" Aliinua kichwa. "Ndivyo anavyolia? Nipeni. Nipeni nimsikie karibu."

Wakampa. Siraj akamlilia mama yake sikioni kwa nguvu zote za miezi miwili aliyokuwa akiidai, naye Jamirah akawa anacheka na kulia.

Katikati ya furaha ile Hajarah alihisi mkono umemshika kanga. Jajja Namwase alikuwa amesimama nyuma yake, amekuwa mdogo ghafla, akimtazama tabibu.

"Musawo. Na Ramura?"

Brigid aliacha kutabasamu. "Jajja, siwezi kumpima aliyekwisha kulala. Sikumwona."

"Lakini unafikiri."

"Nafikiri," alisema Brigid.

Jajja alitikisa kichwa taratibu. Hajarah alimshika mkono, ule mkono uliokunjamana kwa maji ya mchele, wakasimama hivyo. Miaka minne Hajarah alikuwa akimlilia Ramula kwa siri, jikoni, moshi ukimpa kisingizio. Sasa alilia wazi, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu Siraj alikuwa amewafunika wote.

Mlango ulisukumwa. Mwanamke wa chumba cha pili, amefunga kitambaa kichwani, alichungulia kwa hasira.

"Jamani, kuna wagonjwa hapa! Mnyamazisheni! Mtoto gani huyu, hana upole hata chembe?"

Hajarah alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Sema tena, dada," alimwomba.

"Nini?"

"Hayo uliyosema. Sema tena."

Jajja Namwase ndiye aliyemjibu, amejinyoosha upya, kidole juu.

"Hanyamazishwi mtu hapa! Wacha arie! Na wewe mrevi, washa gari, unipereke sokoni kabra hawajafunga. Nataka maharagwe."

"Na wale kuku, mama?" aliuliza Odhiambo.

"Wamekura vya kutosha," alisema Jajja. "Kesho tunawakura wao."